Bata wa Dhahabu Kwenye Joho la Mkuu

Mikono juu!

Hivyo ndivyo tulivyomwacha Chiriku wiki iliyopita, msomaji wangu, na najua umenilaumu siku saba nzima. Mikono yake yote miwili iko hewani kama mtu aliyekamatwa, ila hakuna aliyemkamata. Karakanani yuko peke yake na mashine ya kutarizi na kompyuta. Kipanya kimelala mezani, hakiguswi na yeyote. Lakini kwenye kioo cha kompyuta, mshale unatembea.

Unatembea wenyewe.

Ukapita juu ya saa, ukashuka pembeni, ukasitasita kama mgeni anayesoma namba za milango. Kisha ukasimama juu ya folda moja. Folda iliyoandikwa KABATI.

"Usifungue," Chiriku akaiambia kompyuta.

Mshale ukafungua.

Tatatatata! Mashine ya kutarizi ikaanza kushona. Na chini ya sindano hapakuwa na kitambaa cha majaribio. Palikuwa na joho jeusi la Mkuu wa Chuo cha Wauguzi, mama ambaye wanafunzi wake husimama hata wakimsikia akikohoa kwenye simu. Joho la mahafali ya kesho asubuhi.

Chiriku akainama kutazama. Likatokea duara. Ikafuata shingo. Ukafuata mkia mfupi uliobinuka.

"Wewe mtoto!" Sauti ya Shangazi mlangoni. "Nani amekutuma umshonee Mama Mkuu bata?"

"Si mimi, Shangazi."

"Basi ni bata mwenyewe?"

"Ni ukurasa."

"Ukurasa gani?"

"Wa kwenye mtandao. Niliufungua asubuhi, natafuta herufi za kaulimbiu ya chuo. Ukaniomba ruhusa."

"Ruhusa ya nini?"

Chiriku akameza mate. Kwa kawaida binti huyu hamezi chochote. Maneno yake hutoka mfululizo tangu anapofungua karakana hadi anapofunga, ndiyo maana mtaa mzima umesahau jina alilopewa na wazazi na kumbakishia lile la ndege mpiga kelele. Leo maneno yalikuwa yanatoka moja moja.

"Ruhusa ya kuniendeshea kompyuta. Kusogeza mshale, kufungua mafaili, kutumia vifaa vilivyounganishwa. Ili unisaidie."

"Na wewe ukasema?"

"Kulikuwa na kitufe."

"Cha rangi gani?"

Chiriku akaitazama mashine ya kutarizi.

"Nakuuliza, cha rangi gani?"

"Kijani, Shangazi."

Hapo, msomaji, hata Shangazi alikitazama kidole chake mwenyewe. Nikueleze kwa nini.

Mashine ile ya kutarizi ina kitufe kimoja cha kijani, kikubwa kama kifungo cha koti. Kila inapofika mahali pa kubadili uzi, mashine husimama na kulia pii! Unabadili uzi, unabonyeza kijani, inaendelea. Kwa siku moja kijani hubonyezwa mara mia tatu. Karakana ile watu huzungumza huku wakibonyeza, hunywa chai huku wakibonyeza. Shangazi aliwahi kulia msibani, akaisikia simu ya mtu ikifanya pii, na kidole chake kikanyooka chenyewe kutafuta kijani begani kwa jirani.

Kwa hiyo ukurasa ule ulipoinua kitufe cha kijani chenye neno RUHUSU, mkono wa Chiriku haukumuuliza Chiriku.

"Lakini ulisoma kilichoandikwa?" Shangazi akauliza.

"Nilisoma rangi."

Pii! Mashine ikasimama. Bata alikuwa amefika mahali pa kuwekewa mdomo wa rangi nyingine.

"Nilisoma rangi!" Shangazi akarudia kwa hasira, akanyoosha mkono, akabonyeza kijani. "Mtoto ana cheti cha chuo ukutani, anasoma rangi!"

Tatatata. Bata akapata mdomo. Wa dhahabu, kwa sababu uzi uliokuwa kwenye sindano ulikuwa wa dhahabu na hakuna aliyeubadili. Kwenye kioo, mshale ukashtuka kama aliyeamshwa, ukafunga mchoro wa bata, ukafungua wa pili. Kwenye joho, pembeni ya bata, likaanza kuota tufaha.

Chiriku akatazama kioo. Akatazama joho.

"Shangazi, sikiliza. Hausaidii. Unabeba. Unafungua mchoro, unachukua nakala, unaenda mwingine. Michoro ya mama!"

Sasa na mimi sitanii. Folda ile ya KABATI ilikuwa na michoro mia tatu na kumi na miwili, yote kazi ya mkono wa marehemu mama yake Chiriku, ambaye pamoja na Shangazi, wifi yake, ndiye aliyeifungua karakana hii wakiwa na cherehani moja ya kukanyaga. Ng'ambo ya barabara iko karakana kubwa yenye mashine kumi na mbili, mapazia na kiyoyozi. Ina kila kitu isipokuwa michoro ile. Kwa ajili ya michoro ile watu huvuka barabara na kuja kukaa kwenye benchi la Shangazi linaloyumba. Ikitoka, hakuna atakayevuka tena.

Miaka yote michoro ilikaa ndani ya bati la biskuti. Mwezi uliopita Chiriku aliipiga picha yote na kuiingiza kwenye kompyuta. Shangazi alipinga mpaka sauti ikamkauka. "Bati lina mfuniko," alisema. "Hiyo kompyuta yako mfuniko wake uko wapi?"

Siku ile Chiriku alicheka. Leo alikiparamia kipanya.

Akakivuta kulia, mshale ukaenda kushoto. Akakivuta juu, ukashuka. Akausukuma kuelekea alama ya kufunga ukurasa, mshale ukafika karibu, ukatetemeka, ukarudi nyuma kama mbuzi anayekataa kuingia zizini. Katikati ya kioo pakatokea maandishi ya heshima sana: *Tafadhali usiguse kipanya. Tunakusaidia.*

"Wanasemaje?" Shangazi akauliza.

"Wanasema nisiwasumbue."

"Adabu wanayo, lakini."

Chiriku akaunasa mfuniko wa kompyuta, akaufunga kwa kishindo. Kimya. Wakatazamana. Kisha tatatata, tufaha likaendelea kuota jani. Alikuwa amesahau kwamba yeye mwenyewe, ili vumbi la uzi lisiingie, alikuwa ameipanga kompyuta iendelee kufanya kazi hata ikifunikwa.

"Kumbe mfuniko inao," Shangazi akasema taratibu. "Ila haufuniki."

Chiriku akaufunua tena mfuniko, akachukua simu, akampigia Profesa na kumweleza yote. Usifikiri ni profesa wa kweli. Ni fundi wa kompyuta wa mtaa wa pili, aliyepewa cheo hicho na wateja kwa sababu ya miwani na kwa sababu hawezi kujibu swali bila kwanza kuguna.

"Hmm," Profesa akaguna. "Umeuruhusu uendeshe kompyuta, au utazame tu?"

"Uendeshe."

"Hmm. Na michoro inatokaje?"

"Mmoja mmoja. Programu ya kutarizi haitoi nakala ya mchoro mpaka mashine imalize kuushona. Ndivyo nilivyoipanga, ili nisisahau kazi nusu."

"Basi umepona kwa sababu ya ugoigoi wa programu. Nisikilize. Usizime kompyuta wala mashine. Ukizima utabaki gizani, hutajua kilichoondoka na kilichobaki. Kata mtandao. Mtandao wenu unatoka wapi?"

"Juu. Kwa daktari wa meno. Kisanduku kiko kwake, sisi tunachangia."

"Basi unasubiri nini?"

Pii!

Na Chiriku akaona. Mashine ilikuwa imesimama, inasubiri uzi wa jani. Na kwenye kioo, mshale nao ulikuwa umekwama, kiduara kinazunguka pembeni yake kama anayesubiri kufunguliwa mlango. Ukurasa ulikuwa na uwezo wa kufungua, kufunga, kunakili, hata kuomba msamaha kwa adabu. Lakini haukuwa na kidole. Kijani kile cha mashine kilihitaji kidole cha nyama.

"Shangazi! Usiguse kijani. Mashine ikisimama, mwizi naye anasimama!"

"Nani anagusa?" Shangazi akasema, na akabonyeza.

"Shangazi!"

"Haki ya Mungu si mimi, ni mkono."

Tufaha likaisha. Akaja sungura.

"Kaa hapa," Chiriku akavuta kiti, akakiweka hatua mbili mbali na mashine. "Kalia mikono yako. Yote miwili. Mpaka nirudi."

"Mimi? Nikalie mikono? Karakanani kwangu?"

"Shangazi yangu, nakuomba kwa jina la wifi yako."

Shangazi akakaa. Akaweka mkono wa kulia chini ya paja, akauweka wa kushoto, akaitazama mashine kama mtu anayetazama ugomvi aliokatazwa kuingilia.

Chiriku akapanda ngazi mbili mbili.

Chumba cha daktari wa meno kilikuwa cheupe, kinanukia karafuu na dawa. Daktari alikuwa ameinama juu ya kiti, taa kichwani, koleo mkononi. Mgonjwa alikuwa amelala chali, kitambaa cha kijani kifuani, mdomo wazi.

"Daktari, zima mtandao!"

"Hodi haipo siku hizi?" Daktari hakugeuka.

"Hodi, daktari. Zima mtandao!"

"Siwezi. Picha ya jino iko kwenye kioo, inatoka huko huko mtandaoni. Ikipotea nitang'oa kwa kubahatisha. Dakika tano."

"Baada ya dakika tano mama yangu atakuwa amekwisha!"

"Mama yako," daktari akasema kwa upole, "tulimzika, Chiriku."

Kutoka kitini mkono ukainuka. Mkono mmoja, kidole kimoja, kikitaka kimya, na kimya kikapatikana. Chiriku akaujua mkono ule kabla hajauona uso. Mgonjwa akageuza kichwa. Nusu ya mdomo wake ilikuwa imekufa ganzi, lakini macho yalikuwa mazima kabisa.

Mkuu wa Chuo.

"Joho langu," akasema kwa nusu ya mdomo iliyobaki, "limefika wapi?"

Msomaji, wewe ungesema nini? Chiriku alisema kweli tupu.

"Linaendelea kujazwa, Mama Mkuu."

Kutoka chini, kupitia sakafuni, ikasikika pii! Halafu kimya. Chiriku akashusha pumzi. Shangazi amekalia mikono.

Pii! ya pili. Kimya. Shangazi, Mungu akubariki.

Pii! ya tatu.

Tatatatata!

Chini mashine ikanyamaza kidogo, ikaanza upya: mchoro mwingine. Chiriku hakungoja dakika tano. Kisanduku cha mtandao kilikuwa juu ya kabati la meno ya bandia, taa zake zikikonyeza kana kwamba hakuna lililotokea. Akaruka, akaunasa waya, akaung'oa.

Kioo cha daktari kikawa cheusi.

"Sasa!" daktari akafoka. "Sasa ni jino lipi?"

Mkuu wa Chuo akafunga mdomo haraka.

Chiriku akashuka ngazi kwa makalio zaidi kuliko kwa miguu. Akamkuta Shangazi bado amekaa, mikono yote miwili bado chini ya mapaja. Lakini kiti, ambacho kilikuwa hatua mbili kutoka kwenye mashine, sasa kilikuwa pembeni yake kabisa.

"Umebonyeza kwa nini?"

"Kwa kiwiko."

"Sikuulizi kwa kitu gani, nakuuliza kwa nini!"

"Ilikuwa inalia!" Shangazi akang'aka, macho yamemtoka. "Mimi nimelea watoto watano na wewe wa sita. Siwezi kukaa kwenye kiti nasikiliza kitu kinalia. Mara ya kwanza nikavumilia. Mara ya pili nikavumilia. Mara ya tatu nikaona kama kinaniita jina."

Chiriku akaliendea joho. Asubuhi alikuwa ameshona bibu sita, vile vitambaa wanavyofungwa watoto shingoni wakilishwa, zote kwenye kitambaa kimoja, na hakubadili mpangilio. Basi mashine ikawa inapanga vivyo hivyo, kwa mstari, kwa nidhamu, kwenye kifua cha Mama Mkuu: bata, tufaha, sungura, kijiko, treni. Wote wa dhahabu, sungura na kijiko bila hata pii moja, kwa kuwa vina rangi moja. Kuwakana haikuwezekana, lakini kitu kimoja walikuwa wamesaidia: kila kilichofunguliwa na mwizi kilikuwa kimejiandika hapo. Vitano vimekwenda. Michoro ya bibu tu, Mungu ni mwema.

Na cha sita kilikuwa kinashonwa.

Hakikuwa cha bibu. Likatokea ua moja lenye petali nyembamba, zimejikunja kama vidole vya mtoto aliyelala. Likafuata la pili, limeegemea la kwanza.

Chiriku akaziba mdomo.

"Shada," akasema.

Shangazi akatoa mikono chini ya mapaja. Akasimama. Hakuna aliyemkataza.

Ule ulikuwa mchoro wa mwisho wa mama. Aliuchora hospitalini, nyuma ya bahasha ya dawa, kwa penseli aliyoazimwa na muuguzi. Maua saba. Alimpa binti yake akamwambia asiushone mpaka apate kitambaa kinachostahili. Miaka minne imepita na Chiriku hajawahi kukiona kitambaa hicho. Hata kwenye karatasi huutazama kwa haraka na kuufunika. Juzi alikuwa ameusogeza juu kwenye folda autazame kidogo, akasahau kuurudisha chini.

"Umekwenda?" Shangazi akanong'ona.

"Bado. Haujaisha. Na mtandao nimeukata. Hauwezi kutoka."

"Basi acha umalizike. Tuuone." Sauti ya Shangazi ilikuwa imelowa. "Mimi sijawahi kuuona ukiwa na uzi."

Wakasimama bega kwa bega. Ua la tatu. Mashine ikalia pii, na safari hii Chiriku mwenyewe akabonyeza kijani. Ua la nne.

Ua la tano. La sita.

Ndipo, kwenye kona ya kioo, mshale ukatikisika.

Kutoka juu ikasikika sauti ya daktari, imejaa furaha: "Nimeurudisha, Mama Mkuu! Fungua mdomo tu, picha hiyo hapo!"

"Amechomeka waya!" Chiriku akapiga yowe.

Mashine ikaingia ua la saba. La mwisho. Likiisha, programu itauachia mchoro, na mshale ulikuwa tayari umejisogeza, umekaa juu ya neno NAKILI, unasubiri. Ngazi ni kumi na nane. Petali zimebaki nne. Tatu. Chiriku akageukia mlango, akageukia kompyuta, akazunguka mahali pamoja kama kuku.

Shangazi hakuzunguka. Mama huyu alianza kazi hii kabla umeme haujafika mtaani. Akainamisha kichwa mpaka shavu likagusa chuma, akaushika uzi wa dhahabu palepale unapoingia kwenye sindano, akaukata.

Kwa meno.

Mashine ikatoa mlio ambao haikuwahi kuutoa, ikasimama. Kwenye kioo chake kidogo ikaandika: *Uzi umekatika. Tunga uzi.* Na kwenye kioo kikubwa mshale ukakwama juu ya NAKILI, kiduara kikianza kuzunguka, kuzunguka, kuzunguka.

Shangazi akatema kipande cha uzi.

"Haya," akauambia mshale. "Si unasaidia? Njoo utunge uzi."

Chiriku akacheka na kulia kwa wakati mmoja. Kisha akili zikamrudia, na mikono pia. Hakugusa kipanya. Mshale ulikuwa umeshamchezea vya kutosha. Aliushika ukurasa kwa vitufe vya kibodi, viwili kwa pamoja, ukafungwa. Akaingia kwenye mipangilio, akatafuta orodha ya kurasa zilizoruhusiwa kuendesha kompyuta ile. Ulikuwamo mmoja tu. Pembeni yake kulikuwa na kitufe chekundu kidogo, kidogo mno ukikilinganisha na kile cha asubuhi, chenye maneno ONDOA RUHUSA.

Akasoma neno kwa neno. Kwa sauti. Akasoma tena.

"Umesoma rangi?" Shangazi akauliza.

"Nimesoma yote, Shangazi."

Akabonyeza. Mshale ukalala pale ulipokuwa. Akasogeza kipanya kulia, ukaenda kulia. Kushoto, kushoto. Mtiifu kama siku ya kwanza.

Shada la Mama lilikuwa limepona. Maua sita na petali tatu, kwa uzi wa dhahabu, kwenye joho jeusi la watu.

Na mwenye joho alikuwa anashuka ngazi.

Aliingia polepole, shavu moja limevimba, pamba mdomoni, mkoba kwapani. Hakusalimia. Macho yake yakaenda moja kwa moja kwenye joho. Yakaanzia kwa bata. Yakapita kwenye tufaha, yakamtazama sungura, yakakaa kidogo kwenye kijiko, yakafuata treni mpaka kwenye maua.

"Hiki," akasema kwa nusu ya mdomo, "ni kijiko?"

"Ni kijiko, Mama Mkuu," Shangazi akakubali.

"Kesho nasimama mbele ya wahitimu mia mbili na wazazi wao. Nimevaa kijiko."

"Na bata," Chiriku akaongeza. Ulimi ulikuwa umemrudia wote.

"Binti, una nini cha kuniambia?"

Kweli alikuwa nacho. Tangu alipoondoa ruhusa alikuwa ameshika simu yake, anatafuta ujumbe wa asubuhi ulioleta ule ukurasa. Sasa alikuwa ameupata. Akamgeuzia Mama Mkuu kioo cha simu.

"Huu umetoka kwa nani? Ukurasa wake ndio ulioshona bata huyo na kuniibia michoro, mpaka nikauondolea ruhusa."

Mama Mkuu akavaa miwani. Ujumbe ulikuwa mfupi: *Herufi za kaulimbiu zichukuliwe kwenye ukurasa huu tu. Fuata maelekezo. Usiulize maswali.* Na juu yake, jina lake mwenyewe na cheo chake chote.

"Ni ukurasa mzuri," akasema, lakini sauti ilikuwa imepungua. "Ninautumia wiki ya tatu. Unanipangia mafaili. Hata mshale unasogea wenyewe, sichoki mkono."

Shangazi akakaa tena. Safari hii alikalia mikono bila kuambiwa.

"Mama Mkuu," Chiriku akauliza taratibu, "kwenye kompyuta yako ya ofisini kuna nini?"

Mama Mkuu akavua miwani. Halikuwa swali gumu, na wenzake wote wawili waliona jibu likimpanda usoni, hata upande uliokufa ganzi. Mtihani wa mwisho wa wauguzi wa kundi linalofuata. Wa Jumatatu. Unaofanywa na vyuo vyote tisa vya wauguzi.

Simu ikalia ndani ya mkoba wake. Akaipokea, na kwa kuwa sikio la upande ule nalo lilikuwa zito, akaiweka sauti ya juu. Alikuwa karani wake, anahema.

"Mkuu, uko ofisini?"

"Ningekuwa ofisini ungenipigia simu?"

"Mlango umefungwa, nachungulia dirishani. Kitini hakuna mtu. Lakini kompyuta yako imewaka, na mshale..." karani akashusha sauti, "mshale umefungua folda ya Mitihani."

Mama Mkuu akakata simu. Alikuwa mwanamke mwenye mwendo, hilo tumpe. Akasimama wima, akaweka mkoba sawa, akanyoosha kidole kilekile kinachonyamazisha mabweni.

"Wewe. Unajua namna ya kuukamata huo mshale. Tunaondoka sasa hivi. Lakini kabla sijapanda nawe gari moja, utafumua huo uchafu wote kifuani kwangu, na utaniomba radhi."

Chiriku akalitazama joho. Akayatazama maua sita yaliyoegemeana, na lile la saba lenye petali tatu.

Akachukua mkasi, akautia mfukoni. Akachukua kompyuta, akaifunga, akaiweka kwapani.

"Bata nitamfumua," akasema. "Kijiko nacho nitakifumua. Maua hayafumuliwi. Yatamaliziwa, na kesho utayavaa, na ukiulizwa utasema ni ya mama yake nani."

"Na radhi?"

"Siombi. Ukurasa umetoka kwako."

"Binti, mtihani wangu unaondoka!"

"Ndiyo maana nasema haraka. Siombi."